Mtaa Uliowasubiri Wazazi Wangu

Lami ilipofika mtaani kwetu Shanwe, baba ndiye aliyefurahi kuliko sisi wote. Kiangazi cha Mpanda kina vumbi jekundu linaloingia hata kwenye vikombe vilivyofunikwa, na tangu nikiwa mdogo nilimwona akipambana nalo. Kila jioni alichukua maji yaliyooshewa vyombo akayamwaga barabarani mbele ya nyumba, taratibu, kama mtu anayemwagilia mchicha. Siku mtambo wa kushindilia ulipopita mbele ya kibaraza chetu, alivaa shati la kwendea kanisani, akaketi kwenye kiti chake na kuutazama tangu asubuhi mpaka mafundi walipofunga kazi. Mama alimletea chai pale pale, akamwambia anafanana na mgeni rasmi.

Mimi ni mtoto wao wa mwisho. Nafundisha sekondari hapa hapa mjini, na kaka zangu walipoondoka, mmoja Mwanza na mwingine Dar es Salaam, mimi nilibaki na wazee. Wote wawili ni Wapimbwe wa Kibaoni. Baba alifanya kazi reli, pale stesheni, na mama aliuza mchele sokoni, mchele uliotoka kwenye majaruba ya kaka zake kule kwao. Nyumba yetu waliijenga wakati Shanwe bado ina miyombo mingi kuliko watu. Visiki vya kiwanja kile waling'oa wenyewe, baba akichimba na mama akivuta, na mpaka leo kila mmoja anadai kwamba kile kikubwa kilichokuwa mahali pa jiko ni yeye aliyekishinda.

Baba alipostaafu, tulimwonea huruma wiki za mwanzo. Alikuwa anaamka mapema, anavaa, halafu anasimama katikati ya sebule kama mtu aliyesahau alichokuwa anatafuta. Kisha akahamia kibarazani na mambo yakakaa sawa. Kila anayekwenda sokoni, shuleni au zahanati ilikuwa lazima apite mbele yake, na hakuna aliyepita bila kuulizwa habari za nyumbani. Alijua nani anaumwa, nani amepata mjukuu, nani amevuna vizuri. Jioni, mzee mmoja wa ng'ambo ya barabara, mkulima, Mwislamu, rafiki yake wa siku zote, alivuka na kigoda chake mkononi ili wasikilize taarifa ya habari redioni. Wakishasikiliza walibishana, kila mmoja akidai mwenzake hakuelewa.

Mama yeye aliendelea na soko mpaka magoti yalipomkataa. Kupanda bodaboda na mfuko wa mchele kukawa mateso, na siku moja akarudi akasema basi, inatosha. Alikaa ndani kiangazi chote. Kiangazi kilichofuata akasimamisha kibanda cha miti na mabati kando ya kibaraza, akaweka mchele wake kwenye beseni, na wanawake wa mtaani wakaanza kuja. Hakikumaliza msimu. Watu wa halmashauri walipita na rangi nyekundu wakiandika alama ya X kwenye vibanda vyote, kwa sababu viwanja vyetu vilipimwa kuwa vya makazi na si vya biashara. Mama hakungoja waje kubomoa. Alikifungua kibanda mwenyewe, bati moja moja, akayapanga nyuma ya nyumba na kuyafunika turubai. Mimi nikadhani yamekwisha.

Lami ilipokamilika, magari ya wageni yakaanza kupita polepole. Watu walishusha vioo na kuzitazama nyumba zetu kwa macho ya fundi cherehani anayempima mteja. Nyumba iliyopakana na yetu upande wa kulia ilinunuliwa na mfanyabiashara mwenye malori. Kisha likabandikwa tangazo kwenye ofisi ya mtaa: halmashauri inakusudia kubadilisha matumizi ya viwanja vyote vinavyopakana na barabara ya lami, kutoka makazi kwenda biashara, na wakazi waje mkutanoni kutoa maoni.

Baba alikwenda kulisoma mwenyewe. Aliporudi hakumaliza ugali wake. Alitueleza kwamba huo ndio mwisho wa mtaa, kwamba watu watajenga fremu za maduka mbele mpaka milango ya nyumba isionekane, na baa zitafuata, na muziki, na watu wasiojulikana wametoka wapi. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: je, kiwanja kikishaitwa cha biashara, mtu anaweza kujenga fremu yake bila kuja kupakwa X?

Baba akasema ndiyo.

"Basi ni jambo jema," mama akasema, akaanza kukusanya vyombo.

Baba alidhani anatania. Kuanzia kesho yake alishika fimbo, akapita nyumba kwa nyumba kuwaeleza majirani kwa nini wakatae. Mama naye, bila kujificha, aliwaeleza wanawake wa jumuiya yetu ya kanisa kila baada ya sala kwa nini wakubali. Wote wawili walirudi nyumbani na kula sahani moja, wakaulizana habari za huko walikotoka, na hakuna aliyetaja hasa alikuwa anafanya nini. Mimi nilijua kila kitu, kwa kuwa majirani waliniuliza njiani familia yetu iko upande gani, na nilikuwa nawajibu kwamba iko upande wa kushoto wa barabara.

Mkutano ulifanyika uani mwa ofisi ya mtaa, siku ya jua kali. Mwenyekiti wetu ni mtu mpole anayechukia ugomvi; aliomba Mkristo mmoja asali na Mwislamu mmoja asali, na nadhani kama angempata mtu wa dini nyingine angemwomba naye. Afisa mipango miji alikuwa dada mdogo kuliko mimi, sauti nyembamba, ameshika ramani kubwa aliyoibandika ukutani kwa selotepu. Viwanja vya makazi vilipakwa njano, vya biashara vyekundu. Watu walisogea kutafuta nyumba zao. Ya kwetu ilikuwa njano, katikati kabisa ya mstari.

Mwenye malori alizungumza wa kwanza. Alisema mji unakua, wageni wanaokwenda mbugani wanapita hapa hapa, na yeye yuko tayari kujenga nyumba ya wageni na baa ya kisasa na kuajiri vijana wa mtaa. Vijana walipiga makofi. Wazee walitazama chini.

Kisha baba akasimama. Alivua kofia. Nilikuwa sijawahi kumsikia akihutubia, maana mtu wa stesheni huzungumza kwa bendera na filimbi, na nilishangaa kuona anajua. Hakumtukana mtu. Alikumbusha masika ambayo mke wa rafiki yake wa ng'ambo alishikwa na uchungu, barabara ikiwa tope tupu na hakuna gari lililothubutu kupita, na wanaume wa mtaa wakambeba kwenye kitanda kwa kupokezana mpaka hospitali. Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwepo mkutanoni, jibaba lenye ndevu, na watu wakageuka kumtazama. Baba akasema waliombeba mama yule hawakuwa wateja wake.

"Duka lina saa ya kufunga," alisema. "Jirani hana saa ya kufunga. Mkigeuza nyumba zote kuwa fremu, jioni wenye maduka watafunga waende kwao, na hapa patabaki makufuli. Kwa hiyo mimi na mama watoto tunasema hapana."

Wazee wakaitikia kwa sauti. Makofi yalikuwa bado hayajaisha nilipoona mkono wa mama uko juu. Alikuwa ameketi na wanawake wenzake, kitenge begani. Mwenyekiti alijaribu kutouona ule mkono. Wanawake wakamwonyesha.

Mama alisimama kwa shida ya magoti, akangoja pawe kimya.

"Mwenyekiti, huyo aliyesema ni mume wangu, na namheshimu," akasema. "Yote aliyosema ni kweli. Ila hapo mwisho amenisemea, na hakuniuliza. Mimi nasema ndiyo."

Wanawake walicheka, halafu wanaume wakacheka kwa tahadhari, halafu kila mtu akamtazama baba. Baba alikuwa amesimama bado, kofia mkononi. Hakukasirika. Alimtazama mama kama mtu aliyezoea treni fulani kupita saa fulani, na leo imepita upande wa pili. Akaketi.

Mtu mmoja akasema mambo ya ndani yakamalizwe ndani. Hapo ndipo yule dada afisa alipotueleza jambo ambalo wengi hatukulijua. Kiwanja kikiwa cha mume na mke, alisema, mmoja hawezi kukibadilishia matumizi bila mwenzake kukubali. Na viwanja vya barabarani vinakwenda kwa pamoja kama safu moja. Yeye hawezi kuipeleka safu kwenye kura ikiwa na nyumba isiyo na jibu moja, jino moja la njano katikati ya mekundu. Mwenyekiti akauliza kama kuna nyumba nyingine ambayo mume na mke hawajapatana. Hakukuwa na mkono. Basi akaahirisha uamuzi, akawaomba wazazi wangu, kwa heshima zote, waje mkutano ujao na jibu moja.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Baba alimbebea mama kiti chake cha plastiki kama anavyombebea siku zote, na mama alishika mkono wake mahali penye mtaro kama anavyoshika siku zote. Mama alipika migebuka ya kuunga kwa karanga, chakula anachokipenda baba kuliko vyote. Baba alikula, akasema ahsante. Nilikaa katikati yao nikitafuta miiba ya samaki isiyokuwepo.

Baada ya hapo mtaa wote ukawa unawasubiri wazazi wangu. Sijui kama watu wanaelewa ni jambo gani kuishi katika nyumba ambayo ndoa yake inasubiriwa na mtaa mzima. Wapita njia walikuwa wanamsalimia baba na kutulia kidogo, wakimchungulia usoni kama watu wanaotazama mawingu. Wazee walikuja kumtia moyo asilegee. Wanawake waliingilia mlango wa nyuma kumtia moyo mama. Mwenye malori alileta kreti ya soda kumpongeza mama, na mama akairudisha. Alimwambia kijana aliyeileta kwamba hana ugomvi na tajiri wake, lakini ndiyo yake ni ya kwake mwenyewe, haikuletwa na lori.

Zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwetu ilipofika, kiongozi aliweka nia ya kuombea ndoa za mtaa wetu. Kila mtu alifumba macho. Nilipofumbua langu moja nikakuta baba naye amefumbua lake, anamtazama mama aliyekuwa anasali kwa bidii kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu mkutano nikamwona anazuia kicheko.

Kaka zangu walipiga simu. Wa Mwanza alisema mzee yuko sahihi, nyumba ni urithi. Wa Dar alisema mama yuko sahihi, eneo la lami ni dhahabu. Walianza kubishana wao kwa wao simu ikiwa mezani imewekwa sauti ya juu, na baba na mama waliisikiliza kwa utulivu, kama taarifa ya habari ya nchi nyingine. Hatimaye mama akaniambia niikate, chakula kinapoa.

Mambo yaligeuka Jumamosi moja mvua zilipoanza. Mama na mimi tulikuwa jikoni tunachambua mchele kwenye ungo. Mvua ilikuja na upepo wa kuelekea kibarazani, baba akalowa, akabeba kiti chake na kuja kukaa nasi karibu na moto. Kisha baba akasema, si kwa hasira, kwamba kuna kitu kimoja hakielewi. Watoto wanatuma chochote kidogo, pensheni ipo, mahindi yapo, kwa nini mama anataka kujisumbua na duka katika umri huu? Kuna kitu gani anakikosa nyumbani?

Mama aliendelea kuchambua.

"Wewe watu wanakufuata barazani," akasema. "Unaketi, na mji mzima unapita kukusalimia. Mimi watu wangu walikuwa sokoni, na miguu yangu haifiki tena sokoni. Wakija hapa wanakuja kwako. Mimi napika chai yao."

Baba alimtazama. Akasogeza kuni motoni.

"Kile kibanda," mama akaongeza, "sikukiweka kwa sababu ya mchele. Mchele ningeweza kumpa mtu aniuzie. Nilitaka mtu aje aniulize mimi: mama, umeamkaje, wa leo ni mpya au wa zamani? Halafu wakaja wakanipaka rangi."

Alisema hivyo, wakanipaka rangi, si wakakipaka. Nilitazama mchele. Macho yaliniuma, nikasingizia moshi.

Mvua ilipokatika baba alitoka nje akazunguka nyumba, na nilimwona kupitia dirishani amesimama kwenye yale mabati yaliyofunikwa turubai, akiliinua turubai na kulirudisha. Sidhani kama aliwahi kuyatazama kabla ya siku ile.

Jumatatu alivaa lile shati la kanisani akachukua baiskeli. Alikwenda halmashauri kumwona yule dada wa ramani. Nilisimuliwa baadaye na wote wawili, kila mmoja kwa namna yake. Baba alimuuliza kama kati ya njano na nyekundu hakuna rangi nyingine. Dada akamwambia ipo: makazi na biashara. Mtu anaishi kwenye kiwanja chake na anaruhusiwa kuwa na duka mbele, kwa masharti. Baba akauliza mbona mkutanoni hakuitaja. Dada akasema hakuna aliyeiuliza, na kwamba watu wengi wakishasikia neno biashara huwa wanaliona lenyewe tu. Baba alimwambia, "Mwanangu, siku nyingine itaje hata usipoulizwa," na dada akacheka, akaahidi. Alhamisi alikuja mwenyewe na futi ya kamba kupima kiwanja chetu.

Hapo ndipo likatokea jambo ambalo hatukulitegemea. Mbele ya nyumba kulikuwa na hifadhi ya barabara, sehemu isiyoruhusiwa kujengwa. Ubavuni kulikuwa na shimo la maji taka. Mahali pekee palipobaki pa kuweka fremu palikuwa palepale kwenye kibaraza. Dada alipotueleza, baba aliitikia kwa kichwa kana kwamba alishajua. Mama ndiye aliyekataa.

Alikataa kabisa. Alisema hawezi kuuza mchele juu ya kiti cha mume wake. Alisema afadhali njano ibaki njano, yeye alishazeeka, ilikuwa hamu tu na itapita. Baba akasema haipiti. Mama akasema yeye anajua hamu yake kuliko mtu mwingine. Baba akasema mke wake atapata duka hata kama ni lazima alijenge yeye mwenyewe, na mama akamwambia asithubutu kugusa tofali kwa mgongo ule. Kwa siku kadhaa walibishana hivyo, kila mmoja akiutetea upande wa mwenzake kwa ukali mkubwa kuliko alivyoutetea wake. Mimi nilitoka nje nikacheka mpaka yule mzee wa ng'ambo akavuka kuja kuuliza kuna nini. Nilipomweleza, alitikisa kichwa akasema hao hawajaacha kuvuta kile kisiki.

Mkutano wa pili ulijaa kuliko wa kwanza. Mwenyekiti alifungua kwa sala zote mbili, akamwangalia baba kwa macho ya mtu anayeomba mvua. Baba akasimama na kuvua kofia.

"Leo nasema kwa niaba yetu wawili," akasema, "na safari hii nimemuuliza."

Ilibidi mwenyekiti agonge meza watu wanyamaze. Baba akaeleza ile rangi ya tatu. Akaomba safu nzima iende kwa jina hilo, makazi na biashara, mwenye nyumba abaki kwenye nyumba yake na duka likae mbele. Na akaomba mtaa uandike sharti lake kwamba baa haitakiwi kwenye safu hii. Mwenye malori alipinga, na alipinga vizuri. Alisema yeye alinunua kwa nia njema, na kwamba wazee wanaukalia mji kama kuku anayeatamia yai lililokwisha kuanguliwa. Watu wengine waliunga mkono. Walizungumza mpaka jua likapungua. Baba alipokosea kitu kuhusu masharti, mama alimvuta shati, na baba akajisahihisha. Mikono ilipoinuliwa, wengi walikuwa upande wa rangi ya tatu. Mwenyekiti alipangusa uso wake kwa leso, akashukuru kila mtu, hata walioshindwa.

Jambo lenyewe lilichukua muda. Lilikwenda kata, likaenda halmashauri, likapanda juu zaidi ambako sisi hatukuweza kulifuata. Mpunga wa Kibaoni ulipandwa na kuvunwa kabla jibu halijarudi. Lilipofika, mafundi walibomoa kibaraza asubuhi moja baba akiwa amekwenda kanisani kwa makusudi. Aliniambia hakutaka mafundi wamwone. Aliporudi, alisimama kwenye kifusi akamwuliza fundi kwa sauti ya kawaida kama ukuta mpya utakuwa na dirisha la upande wa stesheni. Fundi akasema ramani haina dirisha hilo. Baba akasema mama mwenye duka atapenda hewa. Dirisha likawekwa.

Nisiseme kwamba yote yalikuwa mazuri. Baba alisumbuka mwanzoni. Alikaa ndani ya duka karibu na mzani, na kila mteja aliulizwa habari za nyumbani mpaka foleni ikafika nje. Mama alimvumilia siku chache, kisha akamnunulia benchi, akaliweka chini ya lile dirisha na kumwambia sehemu yake ni hapo. Mwenye malori alijenga duka la vifaa vya ujenzi, na mpaka sasa hupita kununua mchele kwetu na kumkumbusha baba kwamba ile baa ingekuwa nzuri.

Na yule mzee wa ng'ambo aliuza. Watoto wake walimshauri, wanunuzi walikuja na maneno matamu, na shamba lake lilikuwa Misunkumilo, pembezoni mwa mji, tangu zamani, basi akaamua kuhamia huko. Alikuja mwenyewe kumwambia baba, na kigoda mkononi, lakini hakuketi. Baba hakumlaumu. Alisema tu kwamba Misunkumilo kuna hewa nzuri. Sasa pale ng'ambo kuna fremu tatu zilizopakwa rangi ya bluu, na ikifika jioni zinafungwa, na baba huwa anazitazama kidogo kabla ya kuwasha redio. Mama akimwona hivyo huacha mzani na kutoka kukaa naye kwenye benchi, hata kama kuna mteja. Hajui siasa za dunia na hapendi kuzijua, lakini amejifunza kubisha kidogo, kwa kuwa anajua ndicho mume wake anachokosa.

Jumapili iliyopita nilikwenda na baba Misunkumilo baada ya misa. Aliendesha baiskeli polepole mbele yangu, mimi nyuma kwenye bodaboda nikimwomba dereva asimpite. Tulimkuta rafiki yake katikati ya mahindi yaliyofika kiunoni, akatupeleka mstari kwa mstari kutuonyesha yote, kama mtu anayetambulisha ukoo. Wakaketi kwenye gogo wakaanza kubishana juu ya mvua. Mke wake alinifungia maboga mawili kwenye khanga nimpelekee mama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli duka linamfaa. Nikamwambia linamfaa. Nikamwambia kwamba asubuhi ile, kabla hatujatoka, kulikuwa na wanawake wanne dukani na hakuna hata mmoja aliyekuwa ananunua.

Akasema vizuri, akaongeza boga la tatu.